Makasha Hayarudi Nyuma

Asahara, 20 Machi 1927

Bwana Senkichi,

Mshenga wetu anasema si vibaya mchumba kumwandikia mchumba, mradi barua iwe fupi na isiwe na maneno ya kipuuzi. Nimeshavunja sharti la kwanza, maana nimechukua karatasi mbili.

Tumeonana mara moja tu. Siku ile ulikula andazi moja la maharage, ukanywa chai yetu yote, na muda wote ukawa unaniangalia miguu. Mama anasema hiyo ni heshima. Mimi nimekosa usingizi nikijiuliza miguu yangu ina kasoro gani. Kama ipo, sema sasa, kabla sijavuka mlima na kuja kukaa kwenu maisha yangu yote.

Huku habari ni moja. Bila shaka umesikia waziri alivyosimama bungeni Tokyo akasema benki fulani imeanguka, kumbe ilikuwa bado inafanya kazi. Mdomo tu, basi, watu wakakimbilia benki ile na za jirani. Hapa Asahara siku hizi wanamwinamia baba kuliko kawaida, na hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Benki ya Mizukoshi unaijua: ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kaunta, makarani wawili na baba. Lakini akiba ya mji mzima imo humo, na ya kiwanda chenu pia.

Makasha yangu yataondoka tarehe 20 Aprili, mimi mwenyewe nitafuata tarehe 23. Mama ameshawaita wachukuzi na kuwahubiria. Makasha ya bibi harusi hayarudi nyuma hata hatua moja. Wakisahau kitu, kimesahauliwa. Wakikutana na mkokoteni, mkokoteni utapisha. Kasha likirudi nyuma, bibi harusi naye atarudishwa kwao, na kwa jambo hili mama yangu hana mchezo kabisa.

Sasa niambie ukweli. Baba yako ni mkali kama anavyoonekana?

Fusae


Tokose, 27 Machi 1927

Bi Fusae,

Mimi si mtu wa kuandika. Nimeharibu karatasi nyingi kuliko zile mbili zako.

Sikuwa naangalia miguu. Nilikuwa naangalia upindo wa kimono yako. Ile hariri ilikuwa na uzi uliosawazika vizuri mno, nikawa najiuliza imetoka kiwanda gani. Nilipogundua kwamba nimekaa kimya muda mrefu, nikaona haya kuuliza. Miguu sikuiona. Naamini haina kasoro.

Kiwanda chetu si kikubwa. Ni jengo refu lenye paa la mbao, safu mbili za masufuria ya maji ya moto, na wasichana wanaochemsha vifuko vya viwavi wa hariri na kuvuta uzi. Harufu yake itakuudhi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili utakuwa huisikii, na mwaka wa tatu ukienda mahali isipokuwepo utadhani unaumwa. Mambo yetu yote yanategemea mwezi wa Juni. Wakulima wanavuna vifuko mwezi huo na wanataka fedha taslimu. Asiyekuwa na fedha mwezi wa Juni hana kazi mwaka mzima, na wasichana wanarudi makwao mikono mitupu.

Umeuliza kuhusu baba. Si mkali, ni mwoga mwenye sauti kubwa. Tangu mama yangu afariki amekuwa akiogopa kila kitu, hata magazeti. Wiki ijayo atakuja Asahara, ana jambo dogo na baba yako. Tafadhali mpe kiti kilicho karibu na moto, mgongo unamsumbua.

Uehara Senkichi


Asahara, 5 Aprili 1927

Bwana Senkichi,

Jambo dogo! Ama kweli kwenu mna vipimo vyenu.

Baba yako alikuja. Tulimpa kiti karibu na moto, kama ulivyoagiza. Baba yangu alimmiminia chai kwa mkono wake. Halafu mzee Tobei akasema, mbele ya makarani na mbele ya watu waliokuwa wanangoja zamu, kwamba anachukua akiba yote ya kiwanda. Ya kununulia vifuko, alisema. Vifuko mwezi wa Aprili! Hata viwavi wenyewe bado hawajatoka mayaini. Alimlipa yote, baba yako akaifunga katika kitambaa cha zambarau, akaibeba kifuani barabara nzima kama mtu aliyeokoa mtoto motoni. Mji wote ulimwona. Mkwe mtarajiwa wa benki akikimbia na fedha zake!

Tangu hapo hatupumui. Wanakuja wawili wawili, watatu watatu, wote wana mgonjwa nyumbani, wote wana paa linalovuja. Shangazi Otora, muuza tofu, ambaye amenijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama, alikuja jana akachukua yake hadi senti ya mwisho, na hakunitazama usoni. Baba anawalipa wote. Anatabasamu, anawaulizia wagonjwa wao. Usiku hali chakula.

Anasema makasha yatapita kama yalivyopangwa, tena katikati ya mji, kwa nyimbo, watu waone kwamba nyumba ya Mizukoshi haitikisiki.

Nina swali moja tu. Ulipoandika “jambo dogo”, ulijua?

Fusae


Tokose, 9 Aprili 1927

Bi Fusae,

Nilijua. Nilibishana naye siku tatu, nikashindwa, halafu nikaandika “jambo dogo” kwa sababu nilitumaini atabadili nia njiani. Sina la kujitetea.

Fedha amezipeleka kwenye benki kubwa mjini, ile ambayo mabwana wa Tokyo wenye vyeo wanaweka zao. Tangu hapo analala vizuri. Mimi silali.

Juzi alianza kusema harusi isogezwe mbele hadi mambo yatulie. Nimemwambia kwamba akitaja jambo hilo tena nitakwenda kulala kiwandani. Hajalitaja tena.

Leteni makasha. Tarehe 20 nitakuwa kwenye jiwe la mpaka, juu ya mlima, na wachukuzi wetu na pombe ya sake ya kuwapokelea wenu, kama desturi. Nitakuwepo tangu alfajiri.

Senkichi


Asahara, 21 Aprili 1927

Bwana Senkichi,

Najua ulingoja. Pole. Mshenga alikimbilia huko na habari yake, na sijui amekueleza nini, kwa hiyo nakueleza mimi, tena yote, hata yale niliyokuwa nimekuficha.

Makasha yangu yalijaa mawe.

Ndiyo, mawe ya mtoni. Baba yako alipoondoka na kitambaa chake, fedha za benki zilianza kupungua mno. Hapo mama akafungua makasha yangu akatoa kimono moja baada ya nyingine, mjomba akaenda kuziuza mbali, mahali tusipojulikana. Mimi ndiye niliyechagua ipi itangulie. Zilitosha kulipa watu wa siku kadhaa. Lakini makasha matupu ni mepesi, na wachukuzi wana midomo. Ingejulikana jioni ile ile kwamba binti wa benki ameolewa na hewa, na asubuhi tusingekuwa na benki. Basi tukashuka mtoni, mama na mimi, tukaokota mawe, tukayafunga katika blanketi yasigongane. Mama alitaka wachukuzi watoke jasho. Alitaka mji uone wanavyohema.

Na mji uliona! Makasha manne, yamefunikwa vitambaa vya kijani vyenye alama ya nyumba yetu, wanaume wanaimba, miti ya mabegani imepinda kama upinde. Tulifika nao darajani. Pale shangazi Otora akapaza sauti: “Jamani, tangu lini kimono zikawa nzito hivyo? Zile ni fedha zetu! Mizukoshi anahamisha fedha zetu!”

Ungewaona. Kabla mtu hajafunga mkanda vizuri daraja lilikuwa limejaa. “Rudisha makasha! Rudisha benki!” Baba akaja bila kofia. Akasikiliza, akainamisha kichwa, akawaambia wachukuzi wageuke, wayarudishe. Alikuwa tayari, kwa ajili ya watu wale. Ndipo mama akalala chini barabarani, na kimono yake nzuri, mbele ya wachukuzi. “Pita juu yangu,” alimwambia baba. “Mwanangu harudishwi.” Sijawahi kumsikia akimjibu baba maisha yangu yote.

Baba amesimama, mama amelala, watu wanapiga kelele. Na funguo ninazo mimi, shingoni. Nikafungua.

Nilifungua yote manne, nikatoa mablanketi, nikayaweka mawe pale juu ya daraja watu wayaone. Shangazi Otora akasema, kwa sauti ndogo, “Ile kimono ya rangi ya zambarau iko wapi? Nilikuwepo ukipimwa.”

Nikamwambia, “Uliichukua juzi ile, shangazi. Imo kwenye mkanda wako.”

Walianza kuondoka mmoja mmoja, na wengine waliinama kabla ya kwenda. Baba alimnyanyua mama. Lakini mshenga alikuwa ameshakimbia mlimani, na wachukuzi wetu wakasema hawapeleki mawe kwenye nyumba ambayo huenda isiyapokee. Mama hataki yarudi. Kwa hiyo tuliyarudisha mawe ndani, wachukuzi wakayavusha tu, na makasha yapo upande wa pili wa daraja, yamefunikwa mikeka. Hayaendi mbele wala hayarudi nyuma, na mimi nimekaa dirishani nikiyatazama.

Fusae


Tokose, 22 Aprili 1927

Kwa Bwana Mizukoshi Genzaburo,

Baada ya salamu. Msimu huu wa machipuko tumepokea kwa huzuni habari za yaliyotokea darajani. Nyumba ya Uehara imekuwepo Tokose kwa vizazi vingi na haijawahi kupokea makasha ya mawe. Naona ni bora kwa pande zote mbili posa hii ifikie mwisho. Vitu vya posa tulivyoleta mnaweza kubaki navyo. Nashauri makasha yarudishwe nyumbani kwenu bila kuchelewa, yasiendelee kuwa kichekesho cha wapita njia.

Uehara Tobei


Asahara, 29 Aprili 1927

Bwana Senkichi,

Barua ya baba yako ilifika. Baba aliisoma, akaikunja, akaenda kufungua benki, kisha akakumbuka kwamba benki zote nchini zimefungwa kwa amri. Alirudi akakaa. Serikali imezipa benki majuma matatu ya kutolipa watu, na huku wanasema Tokyo wanachapa noti upande mmoja tu, nyuma nyeupe, kwa haraka waliyo nayo. Baba anasema majuma matatu hayo ni kama mtu anayezama kuruhusiwa kuvuta pumzi. Siku katazo litakapokwisha, mji wote utakuwa mlangoni.

Makasha bado yapo. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna anayeyacheka. Mvua iliponyesha mtu alikuja akaongeza mkeka. Hatujui nani. Mama anasema ni mzimu wa bibi. Mimi nimeona alama za viatu vya mbao, na mzimu wa bibi haukuwa na miguu mikubwa vile.

Sitakuzungusha. Nilikuwa nimeanza kuzipenda barua zako. Nilikuwa nimeanza kumngoja mleta barua kama mwendawazimu, na kuwaza harufu ile ya vifuko kwamba pengine haitanishinda. Lakini kama unakubaliana na baba yako, niandikie maneno mawili tu na uyaandike wazi. Nitawaambia warudishe makasha, mama nitambembeleza mwenyewe. Sitakulaumu kwa hilo. Nitakulaumu ukikaa kimya.

Fusae


Tokose, 6 Mei 1927

Fusae,

Sikubaliani naye.

Hayo ndiyo maneno mawili uliyotaka. Mengine ni ya ziada.

Sikuandika mapema kwa sababu hapa tumekuwa na msiba usio na maiti. Ile benki kubwa ya mabwana wa Tokyo, ambayo baba alikimbilia, ilifunga milango siku moja baada ya wewe kufungua makasha. Haisemi itafungua lini. Fedha zote za kiwanda zimo humo. Siku aliyomwandikia baba yako ile barua ya kiburi, habari zilikuwa hazijatufikia. Zilifika jioni. Amelala tangu siku hiyo, ameelekea ukutani, na anakula tukimlisha.

Nilikaa nyuma ya mgongo wake nikamweleza. Nilimwambia: baba, wale watu waliuza nguo za binti yao ili wawalipe wale uliowatisha, na wewe hawakukukata hata senti. Wewe uliona mawe ukaona aibu. Mimi nikiona mawe yale naona nyumba pekee katika wilaya hii ambayo ningeweka akiba yangu. Nikamwambia pia kwamba Fusae akikataliwa kuingia hapa, mimi nitashuka Asahara, nitaingia nyumbani kwao kama mwana wa kuoa, na nitachukua jina la Mizukoshi. Mimi ni mwanawe wa pekee, jina la Uehara lingeishia kwake, na unajua hiyo ina maana gani kwa mtu kama yeye.

Hakujibu. Kwa baba yangu kutojibu si ndiyo wala si hapana, lakini nimechoka kungoja.

Siku katazo litakapokwisha nitakuja kuyachukua makasha. Baba amewakataza wachukuzi wa kiwanda, nimepata wanaume wanne tu. Usitoe jiwe hata moja. Nayataka kama yalivyo.

Senkichi


Tokose, 16 Mei 1927

Baba yangu mpendwa,

Ulikuwa ndani, nyuma ya kaunta, na mimi niliondoka bila kukuaga ipasavyo, kwa hiyo hukuona yaliyotokea nje. Mama atakuwa ameshakueleza, lakini mama hulia katikati ya hadithi.

Unajua foleni ilivyokuwa asubuhi ile katazo lilipokwisha, kuanzia mlangoni kwetu hadi kwa mtengeneza ngoma. Wameshika vitabu vyao vya akiba, wamevaa nyuso za matanga. Senkichi akapita kando yao kwa miguu, vumbi hadi magotini, na watu wake wanne. Aliwaamkia wote kwa kuinama. Akaenda darajani, akafunua mikeka. Wanne kwa kasha moja lile la mawe, baba! Walilinyanyua, wakaenda hatua kumi, wakaliweka. Wakarudia. Mmoja akaanguka. Mji mzima ukitazama, na mimi nimesimama hapo na kifurushi changu, natamani ardhi inimeze.

Basi mtu akatoka kwenye foleni. Shangazi Otora. Akachomeka kitabu chake cha akiba kifuani, akafunga mikono ya kimono kwa kamba, akaja akashika mti wa kasha la pili. “Mnatazama nini?” aliwapigia kelele. “Nani mwingine alikula kimono ya mtoto huyu? Njoo ubebe!”

Wakaja, baba. Walitoka kwenye foleni, mtengeneza ngoma, wale ndugu wawili wa duka la chumvi, hata yule mzee mkorofi anayekudai riba kila mwezi kabla ya siku yake. Makasha manne yalinyanyuka kwa pamoja na hayakuwekwa chini tena hadi jiwe la mpaka. Shangazi Otora aliimba njia nzima, sauti yake mbaya vile vile. Mama alitembea kando yangu hadi mpakani, akanisukuma mgongoni, akageuka haraka.

Najua walirudi siku ya pili na vitabu vyao. Senkichi ananiambia nisijidanganye, watu wana watoto, wimbo haulipi mchele. Je, zilitosha? Niandikie ukweli.

Baba mkwe hakutoka kutupokea. Tulikunywa vikombe vya harusi wawili tu, jirani akiwa shahidi. Jana alitoka chumbani mara ya kwanza, akasimama uani mbele ya makasha, amekonda, akayatazama mawe kwa muda. Halafu akasema, “Mawe mazuri. Mazito.” Hapa mapaa ni ya mbao, na yanashikiliwa na mawe yasije yakapeperushwa na upepo. Akaagiza ngazi, akaanza kuyapandisha juu ya paa la kiwanda moja moja na Senkichi. Hajaniambia neno lolote mimi. Lakini alipoteremka nilimpa chai, akainywa.

Mwanao,
Fusae


Tokose, 3 Juni 1927

Kwa Mzazi Mwenzangu Mizukoshi Genzaburo,

Baada ya salamu. Nimeandika barua hii mara nne. Nilimwomba binti yako aniandikie, yeye ana mkono mzuri. Alinijibu kwa adabu kabisa kwamba nina mkono wangu mwenyewe.

Binti yako aliniambia kwamba ulilipa kila mtu aliyetaka kulipwa, hata ukauza shamba la mpunga, na kwamba sasa benki yako imemezwa na benki ya mkoa, na kibao chenye jina lako kimeshushwa. Ananiambia umebaki humo kama karani, kwenye meza ambayo zamani ilikuwa yako.

Vifuko vimeanza kuvunwa. Sina fedha. Benki niliyokimbilia haijafungua. Wasichana wameanza kufunga mizigo yao, na wakienda hawatarudi. Benki mpya ya mkoa inakopesha viwanda, lakini inataka neno la mtu anayeaminika, na Asahara yote inasema mtu huyo ni wewe tu. Nimeomba kwa wengine kwanza. Nasema kweli, nilipita kwa kila mtu ili nisifike kwako.

Siku ile ulinimiminia chai na ukanilipa. Nilipita barabarani na kitambaa kile nikijiona nina akili. Nilikuvunjia nyumba yako kwa woga wangu, kisha nikakuandikia barua ya kukudharau. Nimekukosea sana, na nakuomba msamaha.

Ukikataa, utakuwa na haki. Binti yako hatasikia kutoka kwangu kwamba ulikataa, na hapa nyumbani hatapungukiwa heshima hata siku moja.

Uehara Tobei


Asahara, 5 Juni 1927

Mzazi mwenzangu Tobei,

Barua yako imenikuta nikivua viatu. Nilikuwa natoka kwa mkurugenzi wa benki ya mkoa, nilikokwenda kukusemea. Hakuna aliyeniomba. Niliona tu kwamba ni Juni.

Amekubali. Umtume Senkichi mara upatapo barua hii, na muhuri wa kiwanda. Wasichana waambie wafungue mizigo yao.

Genzaburo